Darasa la ahueni: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Kila Jumamosi saa nne asubuhi, watu wanane, siku nyingine kumi na watano, hukaa kwenye viti vya plastiki nyuma ya zahanati moja hapa Dar es Salaam. Tunaoongoza ni wawili. Mwenzangu ni muuguzi wa afya ya akili. Mimi sina cheti cha uuguzi. Nililazwa wodi ya akili mara tatu, na hilo ndilo lililonileta mbele ya darasa. Maswali haya tumeulizwa na wagonjwa, na mama zao, na waajiri wawili watatu, na shehe mmoja aliyekuja kumuulizia muumini wake. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu pale pale kitini, kwa hiyo mengine yana majibu marefu na mengine mistari miwili.

Mnafundisha nini? Si hospitali ndiyo inayotibu?

Hospitali inatibu, na tunaihitaji. Ila siku niliyoruhusiwa mara ya kwanza nilipewa bahasha ya kaki yenye vidonge, tarehe ya kliniki, na nasaha moja: "Usiwaze sana." Hakuna aliyeniambia nifanye nini Jumanne saa nne asubuhi, watu wote wamekwenda kazini, nami nimebaki na mama mwenye nyumba anayenichungulia dirishani kuona kama nimetulia. Hakuna aliyenifundisha kulala upya, kuzoea mikono inayotetemeka kwa dawa, kuomba kazi nikiwa na pengo la miezi saba, wala kukasirika kama watu wengine bila kuambiwa "umeanza tena".

Hayo ndiyo masomo yetu. Wazo la kuyafanya darasa si letu. Mizizi yake iko Marekani, na Uingereza walilichukua wakafungua vyuo vya ahueni: cha kwanza kusini magharibi mwa London mwaka 2009, kisha Nottingham mwaka 2011, halafu vikaenea. Kanuni yake kubwa ni kwamba kila somo hutungwa na kufundishwa na watu wawili, mmoja mwenye taaluma na mmoja aliyeugua. Anayekuja huitwa mwanafunzi. Hapelekwi kwa barua ya daktari. Anajiandikisha mwenyewe, anachagua somo, akichoka anaacha. Ndugu wanaweza kukaa darasa hilohilo, na wauguzi pia. Karibu na kwetu, hospitali ya Butabika mjini Kampala ina uhusiano wa miaka mingi na wenzao wa London Mashariki, na imekuwa na waelimishaji rika, yaani watu waliowahi kulazwa ambao sasa wanawasindikiza wengine, na darasa la ahueni la namna hiyo.

Kwa nini mnasema "ahueni" na si "kupona"?

Kwa sababu neno kupona limewaumiza wengi. Malaria unapona: unameza dawa siku tatu, unarudi shambani. Ukimwambia mtu mwenye baipola, yaani ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, kwamba amepona, siku dalili zikirudi ataona ameshindwa, na ndugu wataona wamedanganywa. Mgonjwa akiulizwa hali mtaani hujibu "nina ahueni", au "sijambo kidogo", na kila mtu anaelewa kwamba bado kuna kitu lakini maisha yanaendelea. Ndivyo tunavyotaka ieleweke. Wapo wanaopona kabisa wasiugue tena, na tunawashangilia. Wengi wetu tunajifunza kuishi vizuri na kitu ambacho hakijaondoka.

Walio kwenye nyumba za soba, wanakoishi walioacha pombe na dawa za kulevya, walilijua hili mapema. Muulize mmoja wao kama ameacha kabisa. Atakwambia, "Leo nina siku mia na nne."

Mwanangu ametoka wodini wiki iliyopita. Aje Jumamosi hii?

Hapana, mama. Mwache alale, ale, azoee dawa. Darasa linataka mtu anayeweza kukaa nusu saa bila kuona anasukumwa. Ila wewe njoo Jumamosi hii. Wewe ndiye hujalala miezi miwili.

Hilo daftari mnalolisema sana ni daftari gani?

Ni daftari la kawaida la shule. Kinachoandikwa ndani ndicho kina historia. Mwaka 1997, katika jimbo la Vermont kule Marekani, kundi la watu waliokuwa wameugua, wakiwa na Mary Ellen Copeland, ambaye naye alikuwa ameugua, walikaa wakaulizana: nini kimekusaidia wewe, si kitabuni, nyumbani kwako? Majibu yao wakayapanga yakawa mpango ambao mtu anajiandikia mwenyewe, akiwa mzima, kwa ajili ya siku ambayo hatakuwa mzima. Sisi tunauita daftari la ahueni. Nitakuonyesha langu, maana maelezo matupu hayasaidii.

Ukurasa wa kwanza unasema nikiwa mzima nikoje. Nimeandika: "Naongea sana asubuhi. Nacheka kwa sauti. Nadaiwa lakini nalipa." Ukurasa huu una kazi. Daktari mpya aliwahi kuniona nimechangamka akataka kuniongezea dozi. Dada yangu akamfungulia daftari. Ndivyo nilivyo, sijaanza kuugua.

Unaofuata ni mambo ya kila siku. Langu lina matatu tu: kulala kabla ya saa tano usiku, kidonge baada ya chakula cha jioni, na kutoka nje kabla ya saa tatu asubuhi hata kama ni kununua vitunguu. Watu wapya huandika mambo ishirini, pamoja na mazoezi na kusoma vitabu. Wiki ya pili wanafuta.

Kisha vichokozi, yaani yanayonitikisa kutoka nje. Langu limeandikwa "misiba yenye kukesha", maana nikikosa usingizi siku mbili naanza kupaa. Mwenzetu mmoja aliandika "tarehe ya kodi". Wanaofunga Ramadhani huandika daku. Hapo muuguzi wetu huwa mkali: anayetumia lithiamu, mojawapo ya dawa za baipola, aongee na daktari kabla ya mwezi kuandama, kwa sababu mwili ukikauka maji dawa hiyo hupanda kwenye damu mpaka ikawa sumu.

Baada ya hapo dalili za mapema, na hapa ndipo darasa huchelewa kwa wiki tatu nzima, maana ni somo gumu kuliko yote. Mtu huandika "kukosa usingizi, hasira", kama alivyosoma kwenye bango la kliniki. Tunamrudisha. Tunataka dalili yako wewe, ambayo jirani angeiona akiwa uani. Mimi nafua mapazia. Mapazia yangu hayana uchafu, ila nikiyashusha mara mbili kwa wiki moja dada anajua apige simu. Mwenzetu mama lishe alikaa wiki mbili hana la kuandika, mpaka binti yake akasema, "Mama, wewe ukianza unagawa chapati bure." Kweli. Mwaka ule alioanguka, wiki nzima kabla ya kulazwa, madereva wa bodaboda walikula chapati bila kulipa wakidhani mama amepata mkopo. Sasa imeandikwa: "Chapati zikitoka bila hela, niitieni fulani."

Ukurasa wa mambo yakianza kuharibika unasema nitachukua hatua gani mimi mwenyewe. Langu: nampa dada laini ya simu yenye fedha na kadi ya benki, nalala kwake, nakwenda kliniki bila kungoja tarehe. Kutoa laini kunauma. Nimewahi kumtukana dada kwa hilo, na bado limebaki kwenye ukurasa kwa mwandiko wangu.

Mpango wa dharura ni wa kuwaambia wengine: nani aamue kwa niaba yangu, nani asiitwe kabisa (kila ukoo una mmoja), watoto walale wapi, dawa gani iliwahi kunipindisha shingo. Andika jina la dawa kama lilivyo kwenye pakiti. Mpe nakala mtu unayemwamini, na muuguzi wako akikubali aibandike kwenye faili.

Wa mwisho ni wa baada ya dharura, na wengi huuruka. Ukitoka wodini kuna watu wa kuombwa radhi, kuna madeni, kuna bosi, kuna magrupu ya WhatsApp uliyoyatukana. Panga nani kwanza. Si lazima umalize yote kwa mwezi mmoja.

Nikijiunga naacha dawa?

Hapana. Dawa nyingi za akili, na za kifafa pia, ni hatari kuziacha ghafla, hata ukijisikia mzima kabisa. Kama zinakunenepesha, zinakulaza mchana kutwa, au zimekuharibia tendo la ndoa, hayo ni malalamiko halali, na somo letu la Jumamosi ya tatu ni namna ya kumwambia daktari hayo kwa dakika tano za kliniki bila kuona aibu. Tunaandika kwenye karatasi kabla ya kuingia. Kumbukumbu hupotea mlangoni.

Kuna nyenzo za bure ambazo naweza kujifunza mwenyewe, au kuwafundisha wengine kijijini kwetu?

Zipo, na nyingine ni nzuri sana. Nitataja tatu ninazozijua.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwaka 2016 mwongozo unaoitwa Problem Management Plus. Wengi huuita PM+. Ni vikao vitano, mtu na msaidizi wake, na msaidizi huyo si lazima awe daktari: mtu wa kawaida aliyefundishwa na anayesimamiwa. Ulijaribiwa pembezoni mwa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili, nao walipata nafuu. Una mbinu nne: kutuliza mwili kwa kupumua taratibu, kulikabili tatizo moja linalokabilika, kurudia shughuli ulizoziacha, na kuimarisha watu wanaokuzunguka. Ukisoma haraka utaona ni mambo madogo. Subiri mpaka umuulize mtu, "Kati ya matatizo yako yote, lipi linaweza kuguswa wiki hii?" Mtu aliyekuja na rundo moja kubwa la shida huanza kuligawa. Kodi pembeni. Mkwe pembeni. Usingizi pembeni. Nimeona mtu akilia kwa ahueni kwa kule kugawa tu, kabla hajatatua lolote.

Ya pili ni Self-Help Plus, ya WHO hiyohiyo. Hii ni ya kundi la watu ishirini hata thelathini, na sehemu kubwa inasikilizwa kwenye sauti iliyorekodiwa, huku kila mtu ana kijitabu cha michoro. Ilijaribiwa kaskazini mwa Uganda kwa wakimbizi wanawake wa Sudan Kusini katika makazi ya Rhino Camp. Kitabu chake kilitolewa mwaka 2020, bure, na asiyejua kusoma anafuata picha. Kinamfundisha mtu kurudi miguuni, yaani kuhisi nyayo chini, kusikia sauti zilizo karibu, mawazo yanapomvuta mbali. Binafsi nakitumia kwenye daladala.

Ya tatu ni mafunzo ya mtandaoni ya QualityRights, ya WHO pia. Yanahusu haki: kuuliza ridhaa, kuacha kufunga watu kamba, kumsikiliza anayeugua kama mtu mzima. Unasoma kwa muda wako, ukimaliza unapata cheti. Kenya iliyazindua rasmi mwaka 2021. Ningependa kila mlinzi wa geti la wodi ayasome.

Neno la tahadhari kwa anayetaka kupeleka PM+ kijijini: usianze peke yako. Mwongozo unataka ufundishwe na uwe na mtu wa kukusimamia, na sababu yake ni nzuri. Utasikia mambo mazito, na usipokuwa na pa kuyapeleka yatakulemea.

Nimesikia habari za bibi wanaotibu watu kwenye benchi. Ni kweli?

Ni kweli. Daktari wa akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa aliyeshindwa kufika kliniki kwa kukosa nauli, dola 15. Hakuwa na fedha za kuajiri madaktari, wala jengo. Alichopewa ni bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, na nafasi ya kuweka benchi nje ya kliniki. Ikawa mwaka 2006. Mgonjwa hujibu maswali mafupi 14, akionekana ana mzigo anakaa na bibi kwa vikao vinavyofika sita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wenye wagonjwa 573, ulionyesha waliokaa na bibi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Ninachokipenda zaidi ni lugha yao. Bibi hawakutaka maneno ya kizungu kuhusu sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Walisema kufungisisa, ambalo kwa Kishona ni kuwaza kupita kiasi. Kwao kufunga ni kufikiri. Nasi tunalo letu. Mtaani hakuna anayesema "nina sonona", anasema "nina mawazo", na wote wanajua si mawazo ya kupanga biashara. Ukimuuliza mama wa Mbagala kama ana msongo, atakataa. Muulize kama ana mawazo, atavuta kiti.

Benchi hilo limefika Zanzibar pia. Na Uganda waliwahi kufanya jambo linalofanana nalo kidogo: mwaka 2002, katika vijiji vya Masaka na Rakai, makundi ya wanawake peke yao na wanaume peke yao walikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na mtu wa hapohapo, kuzungumzia misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Kabla ya kuanza, watafiti waliwauliza wanakijiji wenyewe wanaita nini hali hiyo. Wakajibiwa kwa maneno ya Kiganda yenye maana ya kujichukia na kujihurumia. Makundi yale yaliwasaidia sana.

Ndugu zangu wanasema ni jini. Nikija kwenu mtanicheka?

Hatucheki. Nusu ya darasa letu walipita kwenye kombe, kwenye maombi ya mkesha au kwa mganga kabla ya kufika kliniki, na mimi nimo. Yule shehe niliyemtaja alikaa kikao kizima akisikiliza, mwishoni akasema muumini wake ataendelea kusomewa, ila jioni, baada ya kumeza dawa. Tulimpa chai.

Tuna mipaka mitatu tu. Asiambiwe aache dawa. Asifungwe wala kupigwa. Asishindishwe njaa. Anayetaka kufanya mojawapo, awe na kanzu, joho au kibuyu, mgonjwa aondolewe hapo.

Mume wangu anakunywa tangu alfajiri, na mdogo wake ni teja. Darasa lenu linawafaa?

Wanaweza kuja, ila wana milango yao iliyo mizuri zaidi. Kwa heroini, hospitali ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, dawa inayoshika nafasi ya heroini, Februari 2011, na huduma hiyo imefika mikoa mingine na Zanzibar. Mtu hunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu, arosto inatulia, anapata akili ya kufikiria kesho. Zanzibar ndiko nyumba za soba zilikoota mizizi: watu walioacha wanaishi pamoja, wanapika, wanafagia, wanafuata hatua kumi na mbili za chama cha walevi kilichoanzia Marekani mwaka 1935. Aliyetangulia mwaka mmoja anamshika mkono aliyeingia jana. Kwa Kenya, NACADA, taasisi ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ina namba ya bure, 1192.

Pombe ya kila siku kwa miaka haiachwi ghafla nyumbani. Mwili unaweza kuingia kwenye degedege. Apitie hospitali kwanza.

Na wewe uliyeuliza, nenda kwenye makundi ya ndugu wa walevi yakiwepo karibu. Usingoje mume akubali.

Nimwambie bosi wangu?

Sina jibu moja. Tanzania tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayokataza ubaguzi kazini, na ulemavu wa akili umo. Sheria ni nzuri. Bosi ni bosi. Darasani tunafanya igizo: mmoja anakuwa bosi, mwingine anasema kwa sentensi tatu tu: nina hali ya kiafya, ninaitibu, nahitaji kitu hiki (ruhusa ya kliniki mara moja kwa mwezi, au kutopangiwa zamu za usiku). Jina la ugonjwa si lazima. Tunaigiza mpaka sauti iache kutetemeka. Kuna mwenzetu aliigiza mara sita, akaenda, bosi akamjibu, "Mimi pia natumia dawa za usingizi." Kuna mwingine alipunguzwa kazi mwezi uliofuata kwa sababu iliyopewa jina lingine. Yote mawili nimeyaona, ndiyo maana siwezi kukusukuma.

Nataka kuwa mshauri nasaha. Cheti cha wiki mbili kinatosha?

Hakitoshi, na wanaokiuza wanajua. Ukiwa Kenya, tazama Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, na uulize chuo kama kozi yake inatambuliwa na bodi iliyoundwa na sheria hiyo. Ukiwa Tanzania, njia za uhakika ni uuguzi wa afya ya akili, ustawi wa jamii, au saikolojia chuo kikuu. Muhimbili wanafundisha saikolojia tiba ngazi ya uzamili.

Ila kuna kazi nyingine isiyohitaji digrii, na kwangu inashinda digrii nyingi: uelimishaji rika. Sifa yake ya kwanza ni kwamba umeugua na sasa una ahueni. Ya pili ni kwamba unaweza kusimulia yako kwa dakika nne bila kumfanya mwenzako akuhudumie wewe. Ya pili ndiyo ngumu.

Niko Kenya. Niende wapi?

Waulizie Users and Survivors of Psychiatry in Kenya, chama cha watu waliougua wenyewe. Makundi yao ya rika ya Nairobi yalitajwa na WHO katika mwongozo wa mwaka 2021 kama mfano wa huduma inayoheshimu haki za mtu. Kisheria nchi yenu imesogea pia: Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa mwaka 2022, na Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kumshitaki mtu kwa kujaribu kujiua ni kinyume cha Katiba.

Na sisi tulio Marekani na Uingereza?

Uingereza, tafuta chuo cha ahueni cha eneo lako. Vingi ni bure kwa wakazi. Marekani, namba 988, ya msaada kwa aliyezidiwa kiakili au anayewaza kujiua, inafanya kazi tangu Julai 2022, saa 24, na ukipiga simu unaweza kuomba mkalimani. Sema tu "Swahili" ukae kwenye laini. Hospitali zinazopokea fedha za serikali zinatakiwa kukupa mkalimani bila malipo. Usimtumie mtoto wako wa darasa la sita kutafsiri habari za ndoto zako za vita. Ndugu zetu wengi kutoka Kongo wamefanya hivyo kwa kutojua, na mtoto anabeba mambo ambayo si ya umri wake.

Mtu akisema anataka kufa, nifanye nini?

Muulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpi wazo, kunampa nafasi ya kusema. Usimhubirie, usimwambie wenzake wana shida zaidi. Kaa naye, usimwache peke yake, ondoa karibu naye vitu vya kujidhuru, mpeleke hospitali yoyote iliyo karibu hata kama haina daktari wa akili. Kenya, Msalaba Mwekundu wana namba ya bure 1199. Kwa watoto, 116 inafanya kazi Kenya na Tanzania. Tanzania, 199 ni namba ya bure ya Wizara ya Afya. Unaweza kuuliza pa kwenda. Na kama ni wewe mwenyewe unayesoma hapa ukiwa na wazo hilo, mwite mtu aliye chumba cha pili sasa hivi, mengine utasoma baadaye.

Nikija, mtaa mzima utajua?

Viti tumeviweka nyuma ya zahanati, upande wa stoo, kwa sababu hiyo. Ukiingia getini wanaokuona hawajui kama umekuja kupima presha. Yanayosemwa pale hayatoki, isipokuwa mtu akiwa hatarini, na hilo tunakwambia siku ya kwanza.

Najua unachoogopa. Hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma, ipo tangu mwaka 1927, na kwa miaka yote hiyo jina lake, ambalo mtaani hutamkwa Milembe, limekuwa tusi: "huyu apelekwe Milembe". Wakenya wana Mathari, iliyoanza mwaka 1910, Wazanzibari wana Kidongo Chekundu. Kila mji una jina la kumtishia mtoto mtukutu. Sisi tuliolala huko tumelichukua tukalifanya utani wetu. Mtu akichelewa kikao tunamuuliza, "Ulipitia Dodoma?"

Gharama?

Bure. Njoo na daftari na kalamu. Ukikosa nauli, tuambie mapema. Kuna kopo.

Naweza kuja nikakaa tu bila kusema kitu?

Unaweza. Kuna kijana alikuja Jumamosi kumi na moja mfululizo, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, hakufungua mdomo hata kwa kutaja jina. Tulikuwa tukimpa chai, anapokea kwa mikono miwili, basi. Jumamosi ya kumi na mbili mvua ilinyesha, tukaingia ndani, na katikati ya maelezo yangu marefu kuhusu usingizi akanyoosha mkono. Wote tukageuka. Akasema hiyo feni ina kelele, hasikii.

Tukaizima.